Bruyères na Biffontaine: watu ambao hawakusahau



Kila mkutano swali moja linarudi: je, kuna mutu atakumbuka tuliyopitia? Leo ninawaletea historia ya mbali, lakini mtaona inatugusa.

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliingia Ufaransa. Muji mdogo wa Bruyères, katika milima ya Vosges, ulikaa chini yao miaka ine. Mwezi wa kumi 1944, ndani ya mvua na baridi, askari wa Marekani wakafika. Wenyeji wakashangaa: askari wenyewe walikuwa na sura za Kijaponi, na Japani ilikuwa adui!

Hao walikuwa watoto wa wahamiaji, waliozaliwa Marekani. Batalioni ya 100 ilikuwa ya vijana wa Hawaii. Mwaka ule wa 1944 iliunganishwa na rejimenti ya 442, ambamo kulikuwa pia vijana waliotoka makambini. Ndiyo, makambini. Tangu 1942 serikali ya Marekani ilitoa watu karibu 120.000 wa asili ya Kijaponi kwenye nyumba zao, ikawafunga nyuma ya senyenge. Wengi wao walikuwa raia. Kijana anapigania inchi ambayo imefunga mama yake. Tufikiri hilo.

Bruyères walipigania kilima kwa kilima, kisha nyumba kwa nyumba. Halafu batalioni ya 100 ikakomboa kijiji cha Biffontaine. Hawajapumzika vizuri, wakatumwa porini kuokoa askari wa Texas waliozungukwa na adui. Tarehe 30 waliwafikia, wakaokoa watu 211. Lakini ukihesabu wafu na majeruhi wao, walipita hesabu ya wale waliookolewa.

Wenyeji walifanya nini? Hawakungoja watajirike. Mwaka wa 1947, vidonda vya vita bado vibichi, jiwe la ukumbusho lilisimamishwa kule porini. Njia moja ya muji ikapewa jina la 442. Baadaye Bruyères na Honolulu zikafunga undugu. Na wazee wa batalioni, kila waliporudi kwa ukumbusho, walipokelewa kama jamaa.

Kwao Marekani, je? Waliotoka kambini, wengi walikuta nyumba na mashamba vimekwisha kwenda. Serikali iliomba msamaha kwa sheria mwaka wa 1988 tu, ikatoa dolari 20.000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Miaka zaidi ya 40! Wangapi walikuwa wamekwisha kufa? Shukrani ya muji mdogo ilitangulia haki ya serikali kubwa.

Wandugu, sisi pia tulirudi, na wengi tulikuta parsele zetu zinakaliwa na wengine. Haki tutaendelea kuidai, tusichoke. Lakini shukrani haingoji tribinali. Kuna mama alikugawia muhogo njiani, kuna baba alikuficha ndani ya nyumba yake, na yeye mwenyewe alikuwa na shida zake. Hao wanazeeka.

Basi, kwa mkutano unaokuja, kila memba alete jina la mutu mmoja aliyemsaidia. Tuyaandike katika daftari yetu, na wale walio hai tuwaite, tukae nao, tule pamoja. Jiwe linaweza kungoja. Muzee hangoji.