Ziwa Lisilo na Mwisho na Futikamba

Pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha miaka ya 1950 kituo kinachotunza ngoma na viti vya watemi wa Wasukuma. Kuna kitu kimoja hakimo, nami naona kingestahili kabati lake: jibu alilopewa mzungu mmoja Mwanza mjini, kama kilomita 20 kutoka hapo.

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akitokea Kazeh, yaani Tabora, alipanda kilima akaliona Nyanza, ziwa ambalo leo linaitwa Victoria. Mwenyeji mmoja aliyesifika kwa kutembea kuliko wote akaulizwa: huko kaskazini maji yanaishia wapi? Akageukia kaskazini, akawa anatikisa kichwa, anarusha mkono wa kulia mbele na kualisha vidole tena na tena. Hakuna ajuaye, akasema. Pengine yanafika mwisho wa dunia.

Speke alikaa siku chache, hata safari moja ya mtumbwi hakufanya. Kwa kipimajoto na maji ya kuchemsha alipata kimo cha futi 3,740, karibu mita 1,140. Leo tunaambiwa 1,134. Kimo alikipatia. Ukubwa aliukisia, na Richard Burton, mwenzake wa safari, akamshupalia kwa hilo miaka mingi.

Njia inanipeleka hadi Kageyi, upande wa Kayenzi, kwenye Ghuba ya Speke. Hapa Henry Morton Stanley alishusha majini Lady Alice, mashua iliyoletwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Aliondoka 8 Machi 1875, akalizunguka ziwa, akarudi 6 Mei. Mwisho wa dunia ukapatikana kwa chini ya miezi miwili.

Lakini ukingo aliouzunguka una urefu gani? Vitabu vingi vinasema kilomita 3,440. Ramani ya kipimo cha 1:25,000, visiwa vikiwemo, inatoa 7,142. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot, akiendeleza kazi ya Lewis Fry Richardson, aliandika hayo kuhusu pwani ya Uingereza: kadiri kipimo kinavyofupishwa ndivyo urefu unavyozidi, na kwenye karatasi haufiki kikomo.

Mwaloni jambo hili linaonekana kwa macho. Ukipima kwa hatua, unavuka vijighuba vya katikati ya majabali. Ukishika futikamba, inabidi uingie kila ufa, uzunguke kila shina la tete, na kabla hujasoma namba wimbi limeshahamisha ukingo. Ukishuka hadi punje ya mchanga, maji na nchi kavu vimechanganyika. Ukifika kwenye atomu, hakuna tena mstari wa kufuata. Kwa maoni yangu hapo ndipo kutokuwa na mwisho kunapokwama: kipimo bado kinaweza kufupishwa, ila hakuna kilichobaki cha kupimwa. Mwanahisabati anaweza kuendelea peke yake.

Tena ziwa lenyewe halitulii. Baada ya mvua za 1961 lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache; mwaka 2020 likafurika tena. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mwenye banda la dagaa ana haki ya kuuliza: zihesabiwe kuanzia wapi, kwenye maji ya mwaka gani?