Herufi Tatu Zilizokosa Kazi

Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utafute neno linaloanza na Q. Hulipati. Tafuta la X, hulipati pia. C ipo, ila haitembei bila H. Herufi hizi tatu zimo kwenye kila simu iliyoko mkoa wa Singida, kuanzia kiswaswadu cha mchungaji wa Manyoni hadi simu ya kugusa ya mwanachuo aliyerudi likizo, na kwa Kiswahili cha darasani hazina kazi ya kujitegemea.

Kizazi chetu, kilichojifunza kuandikiana meseji miaka ya 2000, kiliipa X ajira. "Xaxa," tuliandikiana, "mambo?" Walimu wakatusema kwamba tunaiua lugha. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao leo, kwa kuwa hesabu ilikuwa upande wetu. Kwenye simu ya vitufe, namba 7 imebeba P, Q, R na S: ukiitaka S sharti ubonyeze mara nne. Namba 9 imebeba W, X, Y na Z, kwa hiyo X unaipata kwa kubonyeza mara mbili tu. "Sasa" ni mibonyezo kumi, "xaxa" ni sita. "Sijui" ikawa "cjui", "tutaonana" ikawa "2taonana", na vocha ikasogea siku mbili mbele. Tulikuwa tunafanya, bila kujua, jambo ambalo mataifa makubwa yamelifanya kwa kamati na sheria: kuichukua herufi ya kigeni iliyolala na kuitwika sauti ya kwako.

Maana herufi za Kilatini zenyewe ni wageni kwetu. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Misafara ya karne ya 19 iliyokatisha Mgunda Mkali, lile pori la Manyoni na Itigi lililowatoa jasho wapagazi waendao Tabora, ilitembea na barua za namna hiyo. Tippu Tip, mmoja wa wakuu wa misafara hiyo, aliandika habari za maisha yake kwa herufi hizo hizo, na Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezihamishia kwenye Kilatini mwanzoni mwa karne ya 20.

Herufi za Kiarabu nazo zilikuwa na adha zake. Kiarabu hakina P, hakina V, wala hakina CH. Mwandishi aliyeweka ب aliweza kuwa amekusudia "pata", au "bata", au hata "mbata", na msomaji akaachiwa kazi ya kuamua kama anasoma habari za faida, za mfugo au za nazi kavu. Waliozoea kusoma tenzi hawakusumbuka, walikwishajua kinachokuja. Wamisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Steere wa Unguja baada yake wakashika Kilatini. Shule za serikali ya Kijerumani zikafuata, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia. Q na X zikabaki nje ya mlango.

Kisha ikaja simu. Mwaka 1985, mjini Bonn, mhandisi Friedhelm Hillebrand alikaa kwenye taipureta akapiga sentensi za kawaida na maswali ya kawaida, akahesabu herufi. Karibu zote hazikufika 160, na 160 ikawa kipimo cha meseji ya dunia nzima. Alfabeti iliyopangwa kwa ajili ya meseji hizo ni ya Kizungu hasa: ina Ø ya Wadenmaki, ß ya Wajerumani, Ñ ya Wahispania, hata alama ya yen ya Japani imepata kiti. Ukiingiza herufi moja tu isiyokuwemo, meseji nzima inahamishiwa mfumo mwingine na nafasi zinaporomoka kutoka 160 hadi 70. Nafasi 70 zinamtosha Mchina, kwa sababu kila alama yake ni silabi nzima, mara nyingi neno zima. Anayeumia ni yule ambaye lugha yake inahitaji herufi moja au mbili tu za ziada.

Habari ya Wachina inastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa wao waliambiwa na wajuzi wengi, wakiwemo wasomi wao wenyewe, kwamba maandishi yao hayafai kwa mashine na heri wayatupe. Alama ni maelfu; zitaingiaje kwenye vitufe? Kwa telegrafu, Mfaransa Septime Viguier alitoa mwaka 1872 orodha inayoipa kila alama namba yake ya tarakimu nne. Mpokeaji alipokea namba, akafungua kitabu, akatafuta. Baadaye zikaja taipureta za Shanghai zisizo na vitufe kabisa: sinia la vipande vya chuma takriban 2,500, na mpigaji akisogeza mkono juu yake kama mtu anayechagua mchele, kipande kwa kipande.

Mwaka 1947 mwandishi Lin Yutang alionyesha taipureta aliyoiita MingKwai. Ilikuwa na vitufe 72. Ulibonyeza viwili vya kueleza sehemu za alama unayoitaka, alama kadhaa zinazofanana zikajitokeza kwenye kidirisha kidogo, ukabonyeza cha tatu kuchagua moja. Mashine ile haikuwahi kuingia sokoni, na Lin alizamisha fedha nyingi humo. Lakini mpango wake, wa kuieleza alama kwanza na kuichagua baadaye, ndio unaoendesha simu ya kila Mchina hivi leo.

Kilichobaki kilikuwa njia ya kueleza. Mwaka 1958 China ilipitisha Pinyin, tahajia ya Kichina kwa herufi za Kilatini, na mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Zhou Youguang, mchumi aliyegeuka mwanaisimu na kuishi hadi mwaka 2017, akiwa na miaka 111. Tazama walichofanya na zile herufi zetu tatu. Q wakaipa sauti iliyo jirani na CH yetu, X wakaipa iliyo jirani na SH, C wakaipa TS yenye pumzi. Hawakuuliza Waingereza wanazitamkaje.

Ukishika simu ya vitufe, "nihao" ni 6-4-4-2-6. Mibonyezo mitano, simu inapendekeza 你好, unakubali, umesalimia. Ukiandika "shi" peke yake inakuja foleni ya alama, kila moja na maana yake: kumi, ndiyo, jambo, jiwe na nyingine nyingi. Simu hupanga foleni kwa kuangalia neno lililotangulia na mazoea ya mwenye simu. Asiyependa kupitia sauti anapitia umbo, kama katika Wubi ya Wang Yongmin ya mwaka 1983, au anabonyeza namba 1 hadi 5 zinazosimama kwa aina tano za mistari ya kalamu. Wazee wengi huchora kwa kidole kwenye kioo, au hutuma sauti. Gharama yake ipo, nao wana msemo wa alama nne kwa ajili yake: kushika kalamu na kusahau herufi. Mtu anaitambua alama akiiona kwenye foleni, ila akipewa karatasi tupu mkono unakwama.

Jirani na Singida, Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Mtanzania anayejifunza Kichina pale huanza na X ile ile ya "xaxa", safari hii akiandika "xiexie", asante.

Waarabu walipita njia nyingine. Simu zilipokuwa hazina herufi zao, vijana waliweka 7 mahali pa ح na 3 mahali pa ع, kwa kufanana kwa umbo, na mazoea hayo yamedumu hata baada ya kibodi za Kiarabu kujaa. Waethiopia, wenye alama za Kigeez zaidi ya 200, walisubiri hadi mwaka 1999 kuingizwa kwenye Unicode, orodha inayoipa kila herufi ya dunia namba yake. Leo simu za Tecno, hizo hizo zinazouzwa madukani Singida, zikiuzwa Addis Ababa zina kibodi ya Kiamhari. Soko likiwa kubwa, kibodi haichelewi.

Mkalama, mkoani Singida, soko ni dogo. Mwaka 1911 mwanajiografia Erich Obst alianzia safari pale kwenda kuishi kwa muda na Wahadzabe, ambao yeye aliwaita Wakindiga, na mwaka uliofuata akachapisha habari zao. Wahadzabe wapo hadi leo, Munguli katika wilaya ya Mkalama na ng'ambo ya pili ya Bonde la Eyasi. Wasemaji wa Kihadza ni takriban elfu moja, na hakuna lugha nyingine iliyothibitika kuwa ndugu yake. Kimejaa vidoko. Msomaji asiogope neno hilo, kwani vidoko anavyo mwenyewe mdomoni: unaposonya kwa dharau umepiga kimoja, unapomhimiza punda kwa pembe ya mdomo umepiga cha pili, na cha tatu ni ule mlio wa kizibo cha chupa. Sisi tumeviacha nje ya maneno. Mhadzabe anajengea maneno.

Wataalamu huviandika ǀ, ǁ na ǃ. Hiyo ya mwisho haina tofauti kwa jicho na alama ya mshangao, ila kwa kompyuta ni kitu kingine chenye namba yake. Kitabuni zinapendeza. Kwenye kiswaswadu hazipo. Tahajia ya matumizi iliyopendekezwa kwa Kihadza, kama ilivyokuwa kwa Kisandawe, imefuata njia ya Wazulu na Waxhosa: C kwa kusonya, X kwa punda, Q kwa kizibo. Naiona ni hekima kubwa kuliko alama zote za wataalamu, maana haimsubirishi Mhadzabe kiwanda chochote.

Wanyaturu, wenye mji wa Singida, hawakubahatika hivyo. Lugha yao, Kirimi, ina irabu saba, alfabeti ya Kiswahili ina tano, na kwa irabu hakuna herufi iliyolala ya kuazima. Mmisionari Howard Olson aliuchambua mfumo huo wa sauti katika tasnifu yake ya mwaka 1964, lakini tasnifu haikai kwenye kitufe. Jirani zao Warangi wa Kondoa huandika irabu zao za ziada kwa kuzikata kistari, ɨ na ʉ, hata jina la lugha yao: Kɨlaangi. Meseji ya Kirimi kwa kawaida hupita na irabu tano, na anayeipokea anakisia, sawasawa na msomaji wa zamani aliyekuwa akiamua kati ya pata, bata na mbata.

Chukua simu yako ya kugusa, bonyeza i na uishikilie. Kwenye kibodi nyingi zitajitokeza ì, í, î na ï, za Waitaliano, Wahispania na Wafaransa. ɨ haimo.