Shuka Nayo ni Vazi Rasmi

Familia ya Tuala inapoalikwa karamu ya jioni jijini Nairobi, mjadala huanza siku kadhaa kabla: baba avae suti au shuka? Mama avae gauni au ushanga? Katika Tuala, eneo la Kajiado lililo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, maboma ya Wamaasai yamepakana na nyumba za wahamiaji wa mjini, na swali hilo linagusa heshima ya watu.

Zamani Wamaasai walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta. Aliyejipamba kwa sherehe alijulikana kwa ushanga wake na kwa udongo mwekundu aliojipaka. Kitambaa kilikuja na misafara kutoka pwani, hasa merikani, iliyoshamiri Zanzibar baada ya Marekani kutia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833.

Hata hivyo, mgeni hakuwachagulia mavazi. Mwaka 1883 Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Uskoti, alifika Taveta na mizigo ya ushanga, akaambiwa Wamaasai hawataupokea mpaka utungwe upya kwa vipimo wanavyovitaka wao. Vijana wake wakaketi kutunga.

Katika karne ya 20 shuka ya pamba ilichukua nafasi ya ngozi, na nyekundu ikatawala. Ndipo serikali zikaanza kuitilia shaka. Mwaka 1968 Tanzania iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache shuka na kuvaa suruali. Nchini Kenya, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni bungeni, akisisitiza koti, kola na tai.

Lakini kiongozi akizuru Kajiado, wazee humvika shuka begani ili kumheshimu. Vazi linalotosha kumtukuza mgeni haliwezi kuwa pungufu kwa mwenyeji anayeketi mezani.

Wenye karamu, mnapoandika kadi za mwaliko, itajeni shuka pamoja na suti. Nanyi wazazi wa Tuala, mkiamua kuivaa, ivaeni kikamilifu: safi, ushanga mahali pake, na watoto wakijua maana ya kila walichovaa. Hamna haja ya kumwomba mtu radhi.