Kipoza cha mashine ya kusagia kioo

Kipoza cha mashine ya kusagia kioo ni kimiminika kinacholowanisha kichwa cha mashine wakati fundi wa vioo vya rangi anaposawazisha kingo za vipande vya kioo. Kwa kazi ya kawaida maji safi yanatosha. Vipoza vingine huongezwa katika maji ili kichwa kidumu zaidi, lakini si vyote vilivyo salama.

Kazi yake

Mashine ina mota ya umeme inayozungusha kichwa kidogo chenye umbo la mcheduara, kilichofunikwa kwa chembe za almasi. Sponji iliyolowa maji hugusa kichwa hicho. Kimiminika kina kazi tatu:

* kupunguza joto la msuguano, ambalo linaweza kupasua kioo;
* kuondoa unga wa kioo ili usizibe nafasi kati ya chembe za almasi;
* kuzuia vumbi lisipae hewani.

Vumbi la kioo huwasha macho na njia ya hewa. Si sawa na vumbi la silika ya fuwele linaloleta silikosisi, kwa kuwa kioo hakina muundo wa fuwele. Hata hivyo, baadhi ya vioo vyekundu, vya manjano na vya rangi ya machungwa hutiwa rangi kwa misombo ya kadimi, ambayo ni sumu.

Uchaguzi

Kichwa kinapozunguka hurusha matone madogo karibu na uso na mikono ya fundi. Hivyo kimiminika kisichofaa kuvutwa kwa pumzi au kugusa ngozi kwa muda mrefu hakifai kutumika.

* ''Maji safi'' ni salama kwa mtumiaji, ingawa huweza kuleta kutu kwenye sehemu za chuma.
* ''Vipoza vya kusagia kioo'' huchanganywa na maji kwa kipimo cha mtengenezaji.
* ''Vipoza vya kukatia chuma'' vinaweza kusababisha ugonjwa wa ngozi na pumu.
* ''Kipoza cha rejeta ya gari'' mara nyingi kina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo. Ni hatari hasa kwa watoto na wanyama.
* ''Mafuta ya taa'' yanaweza kushika moto karibu na mota. Mafuta ya aina yoyote yakibaki kwenye kioo huzuia utepe wa shaba kushika.
* ''Dawa ya klorini na siki'' hula metali.

Matumizi na usafi

Mashine haisagi bila maji, na sponji hukaguliwa mara kwa mara. Fundi huvaa miwani ya kinga hata kipoza kikiwa maji matupu. Maji hubadilishwa baada ya kazi, kwani yakituama huota bakteria na kutoa harufu. Vipande vilivyosagwa huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabla ya kuzungushiwa utepe wa shaba.

Maji machafu hayamwagwi kwenye sinki, kwa sababu unga wa kioo hutuama na kuziba mabomba. Huachwa katika ndoo mpaka unga uzame, kisha tope hukusanywa likiwa bado bichi, lisije likakauka na kuwa vumbi tena.