Mganga Aliyetibu kwa Mwangaza

Sote twapenda kuota jua la asubuhi, lakini ni wachache wetu waliopata kujiuliza jua hilo linafanya nini mwilini. Niels Finsen alijiuliza. Alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, ambako wakati wa baridi jua ni haba. Akasomea uganga mjini Copenhagen, akamaliza mwaka 1890, naye tayari ni mgonjwa: tumbo lilikuwa likijaa maji na moyo kudhoofika.

Alianza kwa kujijaribu mwenyewe. Alipaka wino mweusi mkononi, kama bangili pana, akauanika mkono juani saa tatu. Alipouosha, ngozi iliyofunikwa na wino ilikuwa nyeupe kama kwanza, kumbe kandokando imekuwa nyekundu na kuuma. Akafahamu kwamba weusi hukinga mwili. (Sisi tulipewa wino huo tangu tumboni mwa mama zetu.)

Siku zile wengi wa Ulaya waliteswa na lupus, yaani kifua kikuu cha ngozi, kinachokula pua na mashavu hata mtu aone haya kutoka nje. Novemba 1895 Finsen akaanza kumtibu mmoja wao kwa taa kali ya umeme. Kioo cha kawaida huzuia miali aliyoitaka, basi akachagua jiwe angavu liitwalo kwartsi. Akapitisha mwangaza katika maji ili joto lipungue. Na ngozi ikakandamizwa, kwa kuwa damu nayo huzuia mwangaza. Kazi hiyo ilichukua kama saa nzima kila siku, miezi mingi. Nyuso zikapona. Mwaka 1896 ikafunguliwa nyumba ya kutibia.

Hakupata yote. Alifundisha kwamba chumba chenye mwangaza mwekundu huzuia makovu ya ndui. Waganga wa baadaye waliiacha njia hiyo. Tena mwaka 2005 wataalamu wa Denmark walipima vioo vyake vya kale, wakaona miali mifupi kabisa, ile aliyodhani inaponya, ilikuwa ikizuiwa njiani. Yaelekea mwangaza uliobaki ndio ulioamsha ndani ya vijidudu kitu cha kuwaua.

Mwaka 1903 alipewa tuzo ya Nobel, lakini ugonjwa ulimzuia kwenda Stockholm kuipokea. Sehemu ya fedha akaitoa kwa nyumba ya wagonjwa wake. Yeye mwenyewe mwangaza haukumfaa. Akawa akipima chumvi aliyokula na maji aliyokunywa, akiandika, hata akafa Septemba 1904, mwenye miaka 43.