Tarehe ya Weg Lowo, Kutoka Ramogi Hadi Lundha

Wazee wa Gem walitusimulia, nasi twaandika kama tulivyosikia. Ramogi, babu wa Wajaluo, alitua Yimbo kwenye kilima chenye jina lake, na uzao wake ukatapakaa ufuoni. Aliyetangulia kufyeka msitu akaitwa wuon lowo, mwenye udongo. Wakiwa wengi ni weg lowo. Aliyefika nyuma akaomba pa kulima alikuwa jadak, na wakiwa wengi ni jodak. Jadak alilima, akaoa, akazaa, ila mpaka ulipogombaniwa hakuwa na kauli.

Neno wuon si dogo. Ni baba, tena ni mwenye: wuon ot mwenye nyumba, wuon yie mwenye mtumbwi, na wavuvi wa Dunga wamjua vyema wakati wa kugawana samaki. Waebrania wana ndugu yake, baal. Baal ni mwenye ng'ombe, mwenye nyumba, bwana, na pia mume. Wakanaani wakamwita hivyo mungu wao wa mvua. Ndiyo sababu katika Hosea Mungu akakataa kuitwa Baali, akataka Israeli wamwite mume kwa neno jingine. Biblia ya Dholuo humwita Bwana Ruoth, na ruoth ndiye chifu pia. Utotoni nilidhani chifu wetu ndiye aliyekuwa akiombwa kanisani.



Kisha wakaja Waingereza. Reli yao ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu, mwaka 1901. Mwaka 1915 sheria ikaipa Taji ya Uingereza ardhi ya wenyeji. 1920 himaya ikageuzwa koloni. Na 1921, katika kesi ya Wakikuyu, Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Mwafrika ni mpangaji tu wa Taji, anayeweza kuondolewa Taji ikipenda. Kwa Dholuo: weg lowo wote ni jodak wa mfalme wa London, ambaye hakufyeka hata kichaka.

Desemba 1921 watu wakafurika Lundha, huku Gem. Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, wasomi wa shule ya Maseno, wakaunda Young Kavirondo Association. Wananchi wakaiita Piny Owacho, nchi imesema. Walidai hati za ardhi, kipande kiondoke, kodi ishuke, koloni irudi kuwa himaya. Julai 1922 Gavana Northey alikuja Nyahera kuwasikiliza. Kodi ilishuka. Hati hazikutoka, na mwaka 1923 Arkidikoni Owen akaigeuza Piny Owacho kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, akaipoza.

Wapo wanaodai Piny Owacho ilizaliwa Maseno, na wengine Kisumu mjini. Wanafunzi walitoka Maseno, gavana alikuja upande wa Kisumu, lakini watu walikusanyika Lundha, Gem.