Ekseli ikipunguzwa, pembe za propela zipimwe upya

FUNDI anapoikata ekseli ya nyuma ili magurudumu mapana yaenee chini ya bodi, kazi haiishi kwa kuchomelea.

Kwanza, ekseli sharti ikae mraba na fremu. Pili, shafti itokayo kwenye giaboksi na ile iingiayo kwenye difu ziwe sambamba, zikitazamwa kutoka ubavuni na kutoka juu. Si lazima difu iwe katikati ya gari.

Pembe ya kila krosi ya propela isizidi digrii 3, na tofauti baina ya krosi hizo mbili isizidi digrii 1. Gari lipimwe likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ndipo vikalio vya springi vichomelewe kabisa.

Anayepuuza haya hukaribisha mtetemo. Na propela ikikatika garini likienda kasi, maisha huwa hatarini.